Nimehamia Linux na Wateja Wananinung'unikia, Nirudi Nilikotoka?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa dukani. Mvua inanyesha tangu alfajiri, wateja hakuna, na jambo lenyewe limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Nina steshenari ndogo hapa Korogwe, karibu na chuo. Natoa kopi, nachapa, naskani, nafunga ripoti kwa spairo, napiga picha za pasipoti, na msimu ukifika nawajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA. Kompyuta zangu ni mbili, za mezani, mtumba wa Ulaya, RAM ya GB 4 kila moja. Hizo ndizo zimenisomeshea wanangu wawili kwa miaka sita.

Miaka yote hiyo nilitumia Windows 10 ya kupigiwa na fundi. Shilingi 15,000, na baada ya miezi minne au mitano namwita tena. Wewe unazijua flashi za wateja, Shangazi. Mtu anatoka nayo kwingine imejaa virusi, anaichomeka kwangu, jioni kompyuta inastaki, mafaili yote yamegeuka shotikati. Mwaka jana fundi alikuja wakati mimi niko msibani, akamkuta binti anayenisaidia, akapiga Windows juu ya kila kitu bila kuuliza. Niliporudi, diski ilikuwa nyeupe. Kadi za michango ya harusi nilizozitengeneza miaka sita, katiba za vikundi, barua za watu, picha za wanangu wakiwa wadogo, vyote vimekwenda. Nililia mbele ya wateja.

Mpwa wangu anasoma chuo Mwanza. Alikuja likizo akaniambia, mama mdogo, hizi mashine hazikidhi masharti ya Windows 11, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 2025, kwa hiyo utaendelea kumlipa fundi mpaka lini? Akaziwekea zote mbili Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa siku moja. Akanifundisha jioni mbili, akarudi chuoni.

Shangazi, nikisema niliipenda sitakuwa nimesema uongo. Zamani nawasha kompyuta, nafagia duka zima, napanga rimu za karatasi, ndipo iwe tayari. Sasa hata ufagio sijaushika. Na kuna jambo niliona mwenyewe bila kufundishwa. Dada mmoja alikuja na flashi aliyoambiwa kwingine kwamba mafaili yameliwa. Nilipoichomeka, vile vishotikati vilikuwepo, lakini pembeni yake yakaonekana mafaili yake yote mazima, wasifu wake, vyeti vyake na barua tatu za maombi ya kazi. Alinishika mkono akashindwa kusema. Tangu siku hiyo watu wanane au tisa wameniletea flashi za namna hiyo.

Shida ilianza mwezi wa pili. Kijana wa chuo alileta ripoti yake ya utafiti, nikachapa nakala tatu, nikafunga. Kesho yake karudi, macho mekundu. Ripoti aliyoiandika ina kurasa 62, niliyompa mimi ina kurasa 65. Jedwali la yaliyomo linasema sura ya nne iko ukurasa wa 31, ukifungua unaikuta wa 33. Msimamizi wake amemrudishia. Nilimchapia upya kwa gharama yangu, lakini ilibidi tukaifungulie kazi yake duka la jirani, nikiwa nimesimama pembeni kama mteja. Hiyo iliniuma kuliko hasara. Baada ya hapo akaja mhazini wa VICOBA na hesabu zake za Excel, zile zenye vitufe vya kubonyeza. Kwangu vitufe havifanyi kitu.

Na printa. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, ukirudi printa haichapi tena. Inawaka taa ya kijani, kompyuta inaiona, ila kazi zinapangana foleni tu. Mpaka nimpigie mpwa wangu. Vilevile nikitaka kuongeza programu yoyote, kompyuta inauliza neno la siri, na ninalo lile la kuingilia tu, hilo lingine analo yeye. Wiki iliyopita nilimpigia mara saba, kumbe yuko kwenye mtihani.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenipa mtaji. Anasema rahisi ni ghali, kitu cha bure hakina mwenyewe, kikiharibika utamlaumu nani? Amekwisha ongea na fundi, Jumamosi aje apige Windows zote mbili. Mimi roho inasita. Nikikumbuka ile diski nyeupe naogopa kurudi, nikimkumbuka yule kijana naogopa kubaki.

Nishauri, Shangazi. Nirudi au nivumilie?

Mwenye Steshenari, Korogwe

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa picha za wanao. Hiyo ndiyo hasara ambayo hailipiki, na fundi anayefuta diski ya mtu bila kumuuliza mwenyewe asiguse tena mashine yako, hata kama siku moja utaamua kurudi Windows.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona fonti, yaani aina za mwandiko, na printa. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi moja uliyoipita mbiombio: kompyuta ikiuliza neno la siri, analo mpwa wako. Mwanangu, ufunguo wa duka lako uko Mwanza! Kabla hujachagua kati ya Linux na Windows, urudishe huo ufunguo. Leo, baada ya saa za mtihani, mpigie akutajie neno hilo herufi kwa herufi. Liandike kwenye daftari, ujaribu hapohapo mkiwa bado kwenye simu. Kisha mwambie akuelekeze kulibadilisha, uweke la kwako. Ikiwa amelisahau usitishike, kuna njia ya kuliweka upya kompyuta inapowaka bila kufuta faili hata moja, naye anayesomea mambo hayo ataijua.

Nasema kwa mkazo kwa sababu yamenikuta. Nilifundisha kompyuta sekondari miaka mingi. Mwaka 2007 nilipata Ubuntu yangu ya kwanza kwa posta, CD ndani ya bahasha kutoka ng'ambo, sikulipa hata stempu. Wakati huo walikuwa wanazituma bure kwa yeyote aliyeomba, na kwetu sisi ambao intaneti ilikuwa ya kulipia kwa dakika, bahasha ile ilikuwa neema. Tukaziweka kwenye maabara, mashine 12. Kijana wa maabara ndiye aliyejua maneno ya siri. Alipohamishwa, mashine zikaendelea kuwaka vizuri kabisa, ila hakuna aliyeweza kuongeza printa wala kurekebisha saa. Baada ya muhula mmoja mkuu wa shule akaamuru zirudishwe Windows, na watu wakasema Linux imeshindwa. Linux haikushindwa. Tulishindwa kuimiliki, na mimi nilikuwa wa kwanza, maana niliridhika kwamba yupo anayejua.

Sasa tuingie kwenye ripoti ya yule kijana, kwa sababu hapo ndipo riziki yako ilipo.

Faili la Word halibebi maumbo ya herufi ndani yake, labda mwandishi awe amechagua yabebwe. Linabeba jina la fonti tu. Kompyuta ikilisoma jina na fonti haina, inachukua nyingine inayofanana. Ikiwa ile nyingine ni pana kidogo, neno la mwisho la mstari linaruka mstari wa chini, aya inarefuka, ukurasa unajaa mapema, na mwisho wa safari 62 zimekuwa 65. Jedwali la yaliyomo limebaki na namba za zamani. Hakuna aliyeharibu kitu.

LibreOffice, programu unayofungulia hizo kazi, inakwambia yenyewe fonti ikikosekana, ila kwa sauti ndogo. Bofya ndani ya maandishi, kisha tazama juu kile kisanduku chenye jina la fonti. Jina likiwa limesimama wima, fonti ipo. Likiwa limelala, kwa mwandiko wa italiki, fonti haipo na unachokiona ni mbadala. Jizoeze kuangalia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Bofya kwenye maandishi ya kawaida, bofya na kwenye vichwa vya habari, kwa sababu wanafunzi wengi wanaandika mwili wa kazi kwa Times New Roman na kusahau vichwa vikiwa na fonti nyingine.

Dawa yake ni hii. Kuna fonti za bure zilizochongwa kwa makusudi ziwe na upana uleule wa zile za Microsoft, herufi kwa herufi. Liberation inashika nafasi ya Times New Roman, Arial na Courier New. Carlito inashika ya Calibri. Caladea inashika ya Cambria. Liberation kwa kawaida unayo tayari, hizo mbili nyingine hakikisha. Tena zipo Times New Roman na Arial zenyewe, ambazo unaruhusiwa kuzipakua. Ukishapata neno lako la siri, ingia kwenye kompyuta kwa akaunti yenye neno hilo, fungua ile programu ya dirisha jeusi, Terminal, uandike mstari huu kama ulivyo:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Katikati ya kazi itakutokea kurasa ya masharti ya leseni, na hapo watu wengi hukwama wakadhani kompyuta imeganda, kwa kuwa kipanya hakifanyi kazi kwenye kurasa hiyo. Bonyeza kitufe cha Tab mpaka neno la kukubali liwe na rangi, halafu Enter. Rudia hivyo kwenye swali linalofuata. Ikimaliza, funga LibreOffice uifungue upya. Fanya kwenye mashine zote mbili.

Itabaki fonti moja itakayokusumbua, nayo ni Aptos. Tangu mwaka 2023 Microsoft walianza kuifanya ndiyo fonti ya kuanzia kwenye Word mpya badala ya Calibri, kwa hiyo kila mwenye kompyuta mpya ambaye hakubadilisha kitu anakuletea Aptos. Mbadala wake wenye upana uleule huna. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, mwombe mteja akuletee PDF, maana PDF inakuja na herufi zake na haihami popote. Wengi wanaweza kuitoa kwenye simu yao wakiwa wamesimama hapohapo kaunta. Ya pili, fungua akaunti ya bure ya Microsoft na utumie Word ya mtandaoni ndani ya Firefox. Inataka bando, lakini faili lenye Aptos litafunguka na Aptos yake, ulihifadhi kama PDF, uchape. Linux haikukatazi kuingia huko. Ndivyo unavyoingia HESLB na RITA na hujaona tofauti yoyote, kwa kuwa kazi yote inafanyika ndani ya kivinjari.

Na kabla ya kuchapa kazi yoyote ndefu, muulize mteja: kazi yako ina kurasa ngapi? Kisha tazama chini kushoto mwa dirisha, idadi imeandikwa. Zikilingana, mfungulie ukurasa wa katikati aupitie mwenyewe. Zisipolingana, usichape. Swali hilo moja lingekuokolea karatasi 195 na fedheha yote ile. Hata ukiwa na Windows ungelihitaji, kwa sababu Word ya zamani nayo haina Aptos.

Jambo dogo la kuongeza: ukimchapia mtu barua na akataka aondoke na faili, litoe kwa muundo wa Word, maana LibreOffice kwa kawaida huhifadhi kwa muundo wake, odt, na mteja akilifungua kwenye simu huenda likamkatalia. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya kupakia na kuhifadhi, unaweza kuiagiza mara moja itumie docx, ule muundo wa Word, siku zote.

Printa sasa. Nimefurahi ulivyoeleza kwa makini, kwa sababu taa ya kijani na foleni inayopangana imenipa jibu. Printa yako nzima. Umeme ulipokatika, kompyuta iliona kazi imekufa njiani ikaisimamisha foleni ili isipoteze kazi zinazofuata, na ikakaa inakungoja wewe uiruhusu. Nenda kwenye orodha ya programu, andika Printers. Bofya kulia juu ya jina la printa yako, utaona neno Enabled bila alama ya tiki. Iweke tiki. Kazi zote zilizolala zitaanza kutoka kwa mfululizo, kwa hiyo kwanza futa zile ulizotuma mara tano kwa hasira, la sivyo utapoteza rimu. Ili isijirudie, ingia kwenye sifa za printa hiyohiyo, sehemu ya sera, ubadilishe inachofanya kosa likitokea, kutoka kusimamisha printa kuwa kujaribu tena kazi. Hapo pia itauliza neno la siri. Unaona tunavyorudi palepale?

Siku utakayonunua printa nyingine, usibebe kabla hujaichomeka kwenye mashine yenye Linux ikatoa ukurasa. Zipo chapa ambazo Linux inazipokea bila kuuliza, za HP nyingi ziko hivyo. Zipo nyingine, hasa leza ndogo za zamani za waya, zinazotaka kiendeshi cha mtengenezaji, yaani programu ya kuiendesha printa, na ukikikosa utahangaika.

Kuhusu mhazini wa VICOBA sitakupa matumaini ya bure. Vile vitufe vya kubonyeza ni vijiprogramu vilivyoandikwa kwa ajili ya Excel. LibreOffice inaelewa baadhi, vingine haivielewi, na siyo kazi yako kukaa usiku ukitengeneza hesabu za watu. Mwambie wazi kwamba kuchapa utachapa, lakini vitufe avifanyie kazi kwenye mashine yake. Anayekwambia Linux inafanya kila kitu sawasawa na Windows anakudanganya, na mpwa wako alipaswa kukuambia hilo kabla hajaondoka.

Tena, kosa la mpwa wako, nampenda kwa nia yake, ni kubadilisha mashine mbili siku moja. Angeanza na moja, akaiacha ya pili ikachapa kazi za wateja miezi miwili mitatu mpaka uone ni kazi gani zinakubali na zipi zinakataa. Duka halina siku ya majaribio. Mteja akija saa nne anataka kazi yake saa nne na nusu.

Lakini hilo limeshapita, na Jumamosi inakuja. Fundi wa kaka yako atapiga Windows ipi? Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine zako hazifiki. Atailazimisha, au atakurudishia Windows 10, ambayo Microsoft walifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazimika, itawaka kama zamani, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi kwa mtu asiyejiandikisha kwenye huduma ya ziada. Na kwa shilingi 15,000 hiyo si leseni, ni Windows ya kuvunja kufuli. Mtazame anavyofanya: kabla ya kuchomeka kile kifaa chake cha kuvunjia, kwanza anazima kinga ya virusi. Kinga yenyewe ndiyo inayopiga kelele, naye anainyamazisha. Kisha wewe unabaki na mashine hiyo unapokea flashi 30 kwa siku na kuingiza namba za NIDA za watoto wa watu. Hapana, mwanangu. Jumamosi asije.

Kaka yako umjibu kwa adabu, maana fedha ni yake na hofu yake ni ya haki. Anasema cha bure hakina mwenyewe. Mwambie hivi: moyo wa Linux ulianza mwaka 1991, aliuandika Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na leo makampuni makubwa ya dunia yanalipa wahandisi wautunze kwa kuwa yanautegemea. Mint yako imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, na neno ubuntu kwao ndilo utu kwetu. Kama simu ya kaka yako ni Android, basi anatembea na Linux mfukoni na hajawahi kumwita fundi aipige upya. Bure hapa maana yake ni kwamba leseni inakupa ruhusa ya kuitumia, kuifungua ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzio. Ruhusa hiyo ndiyo iliyowawezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, mwaka huohuo wa 2004, kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, bila kumpigia mtu magoti. Nilikuwa na nakala yake. Kuona neno "Faili" na "Hariri" juu ya kurasa kwa lugha ya mama yangu, darasani, mbele ya wanafunzi wangu, ni jambo ambalo bado linanipa joto moyoni. LibreOffice uliyonayo imetokana na ukoo huohuo.

Ila kaka ana haki ya kuona hesabu. Nunua daftari la kurasa 40. Kwa miezi mitatu, kila kazi inayoshindikana kwa sababu ya Linux andika tarehe, aina ya kazi na fedha uliyoikosa. Upande wa pili andika kila flashi uliyoifufua, na kila mwezi uliopita bila fundi. Mwisho kaeni nalo pamoja. Ikiwa kazi za Word zilizoshindikana ni nyingi, nunueni mashine moja yenye Windows 11 ya halali kwa ajili ya kaunta, na ile nyingine ibaki Linux kwa kupokea flashi, kuskani na mtandao. Hilo silioni kama kushindwa. Maduka mengi yangefaa kukaa hivyo. Ikiwa ni chache, fedha ya mashine mpya wekeni kwenye diski ya nje ya kuhifadhia nakala, ambayo unaihitaji kwa vyovyote. Timeshift, programu ya Mint ya kuhifadhi nakala, kwa kawaida inalinda mfumo tu, mafaili yako hailindi. Usirudie kuishi na nakala moja ya picha za wanao.

Juu ya flashi, umegundua jambo la thamani na nataka ulielewe ili uliuze kwa haki. Kile kirusi hakili mafaili. Kinayabandika alama ya kufichwa, Windows inaitii ile alama na kuyaficha, kisha kinaweka shotikati badala yake. Linux haiitii alama hiyo, ndiyo maana unayaona. Wala zile shotikati haziwezi kufanya kitu ndani ya Mint. Lakini kirusi bado kiko kwenye flashi. Yanakili mafaili ya mteja kwenye kompyuta, futa flashi yote, kisha umrudishie mafaili peke yake, la sivyo atakwenda kuwaambukiza wengine kwa flashi uliyoishika wewe. Na mafaili yaliyofutwa kweli au flashi iliyokufa usiyaahidi. Kwa yale mengine, bandika karatasi mlangoni uweke na bei. Ni kazi ambayo jirani yako mwenye Windows hawezi kuifanya kwa urahisi kama wewe.

Ukishaweka fonti, mtafute yule mwanachuo. Mwombe akupe lile faili tena, umweleze sababu, nina hakika hatakataa kwa jinsi ulivyomtendea. Lifungue, tazama chini kushoto. Zikiwa 62, mwite kaka yako aje azione kwa macho yake. Zikibaki 65, bofya kichwa cha habari kimoja kimoja mpaka ulikute jina la fonti lililolala, uniandikie ni lipi.

Shangazi